Kizalia kimezaliwa shambani au maabara? Utatuzi wa matatizo ya kupima masalia ya viuagugu kwenye udongo

Anayepima masalia ya dawa ya magugu kwenye udongo hufuatilia vitu viwili kwa pamoja. Kuna dawa yenyewe, ambayo hapa nitaiita mama, na kuna vizalia vyake, yaani kemikali zinazobaki mama akishavunjwa na vijidudu, maji, jua au asidi. Vizalia ndivyo vinavyotutesa, kwa sababu mvunjiko haukomi pale udongo unapotiwa mfukoni. Unaendelea njiani, unaendelea kwenye friji isiyo na baridi ya kutosha, ndani ya chupa ya kuzidulia (kutolea dawa kwenye udongo kwa kimiminika kinachoitwa kizidulio), hata ndani ya mashine. Kwa hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa naipokea kwa swali moja: namba hii imetoka shambani, au tumeizalisha sisi wenyewe?

Kabla ya kugusa mashine, piga hesabu ya shamba

Hekta moja ya udongo kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2,000. Udongo wenye uzito wa kilo 1,300 kwa mita ya ujazo unatoa jumla ya kilo milioni 2.6. Kilo moja ya dawa ikitawanyika humo sawasawa inakuwa miligramu 0.38 kwa kila kilo ya udongo. Ukichota sentimita 5 za juu tu, siku ileile ya kupulizia, unatarajia kama miligramu 1.5.

Hesabu hii ya dakika mbili imeniokolea siku nyingi. Kama shamba lilipuliziwa kilo moja kwa hekta mara moja tu, na wewe unasoma miligramu 6 kwa kilo, usianze kufungua mashine. Tafuta desimali iliyohama, mikrogramu zilizoandikwa kama miligramu, au uzimuaji uliozidishwa mara mbili. Kama unasoma miligramu 0.02 siku ya pili baada ya kupulizia, uliza sampuli ilichotwa kwa kina gani na dawa ilikuwa imelala kina gani.

Glifosati ina mtego wake hapa. Lebo yenye gramu 480 za chumvi ya isopropilamini kwa lita inabeba takribani gramu 360 za asidi ya glifosati, na mashine inapima asidi. Anayelinganisha matokeo na gramu 480 ataona robo ya dawa imepotea, na hakuna kilichopotea. Kosa hilohilo hujificha kwenye standadi, yaani dawa safi ya kulinganishia: soma cheti cha chupa ujue umepima asidi au chumvi kabla ya kuandika mkusanyiko wake.

Halafu unyevu. Matokeo ya udongo huandikwa kwa uzito mkavu. Udongo wenye maji asilimia 20 ya uzito wake wa mbichi, gawanya matokeo kwa 0.8, nayo yatapanda kwa robo nzima. Kumbuka pia kwamba gramu 10 za udongo huo zinakuja na mililita 2 za maji, ambayo yanajiunga na kizidulio chako. Ulimimina mililita 20 za kizidulio cha maji, sasa zipo 22, na usipohesabu hilo umeshapunguza jibu kwa karibu asilimia 10. Unyevu upimwe kwa fungu la pembeni, kwenye oveni ya nyuzi 105. Fungu la kupimia dawa lisiingie humo hata kidogo, kwa sababu dawa zinazoruka kirahisi, kama trifluralini, zitaondoka na mvuke.

Dalili: kizalia kimezidi mama, au kimeonekana pasipotarajiwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote, kwa kuwa dalili hii moja ina vyanzo vitano visivyofanana, na kila kimoja kina tiba yake.

Chanzo cha kwanza ni sampuli iliyoendelea kuishi. Udongo mbichi ulio kwenye mfuko uliofungwa, ukapata joto la gari siku mbili, ni karamu ya bakteria. Kuna udongo ambao huvunja nusu ya glifosati kwa siku chache tu, kwa hiyo safari ndefu bila barafu inatosha kumpunguza mama na kumnenepesha AMPA, kizalia chake. Tiba ni ubaridi tangu shambani, kisha nyuzi −20 ndani ya saa chache, na kuyeyusha mara moja tu. Ukitaka ushahidi, beba shambani mifuko miwili ya udongo usio na dawa uliotiwa kiasi unachokijua. Mmoja ugandishwe hapohapo, mwingine usafiri na sampuli zako. Tofauti yao itakuambia safari imekula nini.

Cha pili ni kizalia kilichozaliwa mezani. Atrazini ikipashwa moto ndani ya asidi hugeuka haidroksiatrazini. Dawa za jamii ya sulfonilurea huvunjika zenyewe ndani ya kizidulio chenye asidi kikiachwa juu ya meza hadi kesho. Ukikausha kizidulio kwa joto kali ili kupunguza ujazo, umeongeza nafasi ya ajali hizo zote.

Cha tatu kimo ndani ya mashine, nacho huwadanganya hata wazoefu. Ayoni ya atrazini ina masi 216. Ikipata nguvu nyingi pale chanzo cha ayoni kilipo, hupoteza kipande cha masi 42 na kubaki 174, au kipande cha masi 28 na kubaki 188. Hizo 174 na 188 ndizo masi za DIA na DEA, vizalia viwili vya atrazini vilivyopoteza kikundi cha isopropili na cha ethili. Spektrometa ya masi peke yake haiwezi kuvitofautisha. Muda wa kutoka kwenye kolamu, mrija unaotenganisha kemikali, ndio unaosema kweli: kwenye kolamu ya kawaida ya C18, DIA hutoka mapema, DEA humfuata, na atrazini huja baadaye sana. Kilele cha “DIA” kinachosimama pale pale anaposimama atrazini si DIA. Punguza volteji na joto la chanzo cha ayoni, na usiruhusu programu ichague vilele kwa dirisha pana la muda. Kwenye kromatografia ya gesi hali ni mbaya zaidi kwa diuroni na linuroni, kwani joto la mlango wa kuingizia sampuli huzivunja hata kabla hazijafika kwenye kolamu. Hizo zipelekwe kwenye kromatografia ya kimiminika.

Cha nne ni mama mwingine. DIA hutoka kwa atrazini na pia kwa simazini. DEA hutoka kwa atrazini na pia kwa propazini. Dikloroanilini hutoka kwa diuroni, linuroni na propanili. AMPA hutoka kwa glifosati, lakini pia hutoka kwa fosfonati zinazotiwa kwenye sabuni, kwa hiyo shamba lililopewa tope la majitaka linaweza kuwa na AMPA bila kupuliziwa glifosati hata mara moja. Asidi za sulfoniki zinazoitwa ESA, moja ya alaklori na moja ya asetoklori, zina fomula moja na masi moja. Usipozitenganisha kwenye kolamu hadi kilele kimoja kikawa viwili, huna haki ya kuandika jina la mojawapo. Historia ya shamba, yaani dawa zipi, mbolea zipi, mwaka gani, ni sehemu ya kipimo. Idai kabla ya kupokea sampuli.

Cha tano ni kwamba namba ni ya kweli. AMPA hukaa udongoni muda mrefu kuliko glifosati, na shamba linalopuliziwa kila msimu hulimbikiza kizalia wakati mama anapungua. Hilo si kosa, ni historia ya shamba. Lakini lifikie baada ya kuondoa yale manne, usilianzie.

Jaribio linalotenga vyanzo hivi ni rahisi kiasi kwamba nashangaa linavyorukwa. Chukua udongo usio na dawa, tia mama peke yake, pitisha njia yote kuanzia kupima uzito hadi mashine, kisha tafuta kizalia. Kikionekana, ama umekizalisha wewe au kimo kama uchafu ndani ya standadi ya mama. Ingiza standadi hiyo peke yake, bila udongo, ujue ni lipi kati ya hayo mawili.

Wenye uwezo wa kununua standadi zenye isotopu wanaweza kutia mama aliyewekwa alama kwenye kila sampuli na kutafuta kizalia chenye alama, lakini waangalie alama imekaa wapi. Atrazini ya d5 (yenye hidrojeni nzito tano) inayouzwa kwa wingi ina alama kwenye kikundi cha ethili. Ikivunjika kuwa DEA, kikundi hicho kinaondoka na alama yake, na DEA inayobaki haitofautiki na ile ya shambani. Hutaona kosa, tena utakuwa umeliongeza wewe mwenyewe. Tumia atrazini yenye kaboni-13 tatu ndani ya pete, maana pete haiondoki.

Dalili: glifosati na AMPA hazirejei

Umetia kiasi unachokijua, umepata asilimia 30. Miongozo ya SANTE ya Umoja wa Ulaya iliandikwa kwa ajili ya chakula na malisho, lakini maabara nyingi za udongo huiazima: wastani wa urejesho uwe kati ya asilimia 70 na 120, na marudio yasitawanyike zaidi ya asilimia 20. Asilimia 30 hazivumiliki. Swali ni wapi zile 70 zimeachwa.

Usibahatishe. Andaa mafungu matatu ya udongo uleule. La kwanza litie dawa kabla ya kuzidua, la pili baada ya kuzidua lakini kabla ya kufungamanisha na FMOC (kitendanishi kinachoungana na dawa ili ipimike kirahisi), la tatu lipe dawa iliyokwisha kufungamanishwa, kabla tu ya kuingia kwenye mashine. Fungu la tatu likiwa chini, ayoni zinakandamizwa na uchafu wa udongo. La tatu likiwa zuri na la pili likiwa chini, tatizo ni ufungamanishaji. Mawili yakiwa mazuri na la kwanza pekee likiwa chini, dawa imebaki imeshika udongo.

Kushika udongo ndiyo hali ya kawaida ya glifosati. Kikundi chake cha fosfonati hukumbatia oksidi za chuma na alumini kama fosfati inavyofanya, kwa hiyo udongo mwekundu uliojaa oksidi hizo huishikilia kwa nguvu. Asetonitrili haifui dafu hapo. Kinachohitajika ni alkali, kwa kawaida hidroksidi ya potasiamu ya takribani 0.6 M, inayozipa chembe za udongo chaji hasi na kuisukuma dawa nje. Rudia uziduaji mara mbili na upime kila mkupuo peke yake. Mkupuo wa pili ukibeba theluthi ya jumla, wa kwanza haukutosha.

Ufungamanishaji nao huvunjika kwa sababu ambayo standadi safi haiwezi kuionyesha. FMOC haichagui: hushika amino yoyote inayokutana nayo, na alkali iliyotoa glifosati imetoa pia amonia, asidi za amino na mboji. Kwenye udongo mweusi wenye mboji nyingi kitendanishi kinaisha kabla glifosati haijapata zamu yake. Zimua mchuzi, yaani kimiminika kilichotoka kwenye uziduaji, ongeza FMOC, hakikisha bafa ya borati kweli imefikisha pH 9 baada ya alkali ya uziduaji kusawazishwa, na tia glifosati na AMPA zenye isotopu kabla ya hatua hii, si baada yake. Standadi ya ndani iliyotiwa mwishoni haijui lolote kuhusu hasara zilizotangulia. Na kila kizalia kipewe standadi yake: ya glifosati isitumike kusahihisha AMPA.

Mengine ni ya haraka. Tumia plastiki ya polipropilini badala ya kioo. Tia EDTA kidogo ili kalsiamu na chuma visiifunge dawa. Vilele vyenye mkia mrefu mara nyingi hutokana na metali ya mabomba au kolamu, kwa hiyo badilisha kwanza sehemu zile zinazobadilika kirahisi.

Dalili: urejesho ni mzuri, lakini sampuli za shambani hazitoi kitu

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote kwa sababu inakuja imevaa nguo za mafanikio. Umetia dawa, ukasubiri dakika 15, ukazidua, ukapata asilimia 95. Lakini dawa ya shambani haikukaa dakika 15. Imekaa miezi, imeloweka na kukauka, imejipenyeza ndani ya mboji na katikati ya matabaka ya mfinyanzi. Urejesho wa dawa mbichi unapima ustadi wako wa kuchota kilicho juu, basi.

Tia dawa, acha udongo wenye unyevu ukae usiku kucha, kisha wiki, kisha wiki nne, ukitumia mafungu yaliyouliwa vijidudu na mafungu hai. Katika fungu lisilo na vijidudu, kushuka kwa urejesho kunatokana zaidi na kushikwa kuliko kuvunjika. Haidroksiatrazini ni mfano mzuri: hushika udongo kwa nguvu kuliko mama yake, na kizidulio kinachofaa kabisa kwa atrazini, DEA na DIA kinaweza kuiacha nyuma karibu yote. Inahitaji maji yenye asidi pamoja na kiyeyusho. Lakini asidi hiyohiyo, ikichanganyika na joto, inaweza kuizalisha kutoka kwa atrazini, kwa hiyo rudi kwenye jaribio la mama peke yake kabla ya kuamini ongezeko lolote.

Parakwati ndiyo kilele cha tatizo hili. Ina chaji chanya mbili na hujifungia ndani ya mfinyanzi kiasi kwamba methanoli haitaitoa kamwe. Inachemshwa kwa saa kadhaa ndani ya asidi kali ya salfuriki. Maabara inayoandika kwamba parakwati haikuonekana baada ya uziduaji wa kawaida haijapima parakwati.

Kwa udongo mkavu na njia ya asetonitrili na chumvi, kuna kosa dogo linaloleta dalili hii: kusahau maji. Gramu 10 za udongo mkavu zipe mililita 5 hadi 10 za maji, zisubiri nusu saa ziloe, ndipo umimine asetonitrili.

Dalili: ripoti inasema hakuna, lakini mazao yanaumia

Mkulima analeta picha ya maharage yenye majani yaliyokunjamana na maabara inamjibu hakuna dawa. Kabla ya kumwambia ni ukame au ugonjwa, rudi kwenye hesabu ya shamba. Metsulfuroni hupuliziwa kwa gramu chache tu kwa hekta. Gramu 5 ndani ya sentimita 20 za udongo ni mikrogramu 1.9 kwa kilo siku ya kwanza. Ikibaki moja ya kumi, ni mikrogramu 0.2, na kiwango kidogo namna hiyo bado kinaweza kuumiza mimea inayoihisi. Njia ya jumla yenye kikomo cha kupima cha mikrogramu 10 haikuwa na nafasi ya kuiona. Jibu sahihi lilikuwa “chini ya mikrogramu 10”, na jibu hilo halimsaidii mtu. Udongo wenye pH ya juu unastahili mashaka zaidi, kwani sulfonilurea huvunjwa na asidi, na kwenye alkali hudumu.

Klopiralidi na aminopiralidi nazo ni hivyo: hupita tumboni mwa mifugo, hupita kwenye lundo la mboji, zinafika bustanini na samadi bila mtu kupulizia chochote. Uliza juu ya samadi.

Wakati unasubiri njia nyeti zaidi, panda maharage kwenye udongo unaoshukiwa na kwenye udongo safi, uyape maji sawa na mwanga sawa, na utazame majani mapya kwa wiki mbili au tatu. Mmea ni kigunduzi halali. Hautakutajia jina la dawa, ila utakuambia kama kuna sababu ya kuendelea kutafuta.

Dalili ndogondogo

2,4-D na asidi nyingine zinapotea baada ya kusafisha mchuzi: unga wa PSA umezimeza, kwani kazi yake ni kushika asidi. Usiutumie kwa dawa hizo. Unga wa kaboni vilevile huondoka na molekuli bapa, kwa hiyo ujaribu kwa kila dawa kabla ya kuuamini.

Marudio mawili ya sampuli moja hayapatani: mara nyingi ni udongo, si mashine. Machoto 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, yachanganywe vizuri, yapitishwe chekeche ya milimita 2, na upime gramu 10 badala ya 2. Marudio ya kuingiza mchuzi mmoja mara mbili yakipatana na ya uziduaji yasipatane, umepata jibu.

Blanki, yaani sampuli isiyotiwa dawa, ina kilele: ingiza kiyeyusho kitupu mara tatu mfululizo. Kilele kikipungua kila mara, ni mabaki ya sampuli nzito iliyotangulia. Kikibaki palepale, uchafu uko kwenye kiyeyusho au kitendanishi. Kikionekana tu kwenye blanki iliyopitia njia yote, tazama vyombo, na kwa AMPA tazama sabuni mnayooshea.

Ishara inashuka kadiri foleni ya sampuli inavyoendelea: uchafu wa udongo unajikusanya kwenye chanzo cha ayoni. Zimua mara kumi kama unyeti unaruhusu, elekeza dakika za kwanza za mtiririko kwenye chupa ya taka, na chora kalibresheni ndani ya mchuzi wa udongo unaofanana na sampuli. Mteremko wa mstari huo ukitofautiana na ule wa kiyeyusho kwa zaidi ya asilimia 20, kalibresheni ya kiyeyusho isitumike tena kwa udongo huo.

Kwenye ripoti

Andika mama na kizalia kwenye mistari tofauti. Ukihitaji jumla, geuza kwanza kwa masi: glifosati ni 169 na AMPA ni 111, kwa hiyo AMPA izidishwe kwa 1.52 ndipo ijumlishwe. Taja kina cha kuchota, uzito mkavu, kikomo cha kupima cha kila kemikali, urejesho, na kama namba zimesahihishwa kwa urejesho huo au la. Taja pia saa zilizopita kati ya kuchota na kugandisha, na kama jaribio la mama peke yake lilifanyika kwa aina hiyo ya udongo.